Meja ni mkubwa kwa Luteni. Sasa kwa nini Luteni Jenerali anampita Meja Jenerali?

Mzee wa Supu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, hatugombani.

Juzi asubuhi kijiweni kwetu ulizuka ubishi. Dereva bodaboda mmoja alikuwa anatusomea taarifa ya uteuzi kwenye simu huku supu yake inapoa. Alipofika kwenye "Luteni Jenerali" akatoa maoni: "Huyu bado kijana. Akijitahidi siku moja atafika Meja Jenerali."

Fundi simu akaweka kijiko chini. "Umechemka. Luteni Jenerali ndiye mkubwa."

"Mkubwa vipi? Luteni na Meja nani anampigia mwenzake saluti?"

Hapo fundi simu naye akakwama. Wakawekeana dau: anayeshindwa ananunulia supu na chapati benchi zima. Kisha wakanigeukia mimi, eti kwa kuwa baba yangu mdogo alistaafu jeshini akiwa sajini, basi lazima nijue. Utadhani vyeo vinarithiwa kama shamba.

Jibu nilikuwa nalo: fundi simu yuko sahihi. Jeshini kwetu Tanzania, ukishampita Kanali unakuta Brigedia Jenerali, kisha Meja Jenerali, kisha Luteni Jenerali, halafu Jenerali mwenyewe. Kwa kawaida Mkuu wa Majeshi ndiye Jenerali, na Mnadhimu Mkuu anayemfuata ni Luteni Jenerali. Nilichokosa ni sababu. Nimeitafuta, na nikajikuta nimeingia kwenye zizi la farasi, nitawaeleza kwa nini.

Twende Uingereza mwaka 1645. Bunge linapigana na Mfalme Charles wa Kwanza, likaamua kuunda jeshi jipya. Juu kabisa akawekwa Thomas Fairfax, Kapteni Jenerali. Wapanda farasi wakapewa Oliver Cromwell, Luteni Jenerali. Askari wa miguu wakapewa Philip Skippon, na cheo chake kiliandikwa Sajini Meja Jenerali.

Hebu kisome tena hicho cha mwisho polepole.

Zamani hizo "jenerali" halikuwa jina la cheo. Ilikuwa sifa tu, yaani "wa jumla", wa jeshi zima na si wa kikosi kimoja. Kombania ina kapteni wake, luteni wake na sajini wake. Basi na jeshi zima likawa na kapteni wa wote, luteni wa wote na sajini meja wa wote. Miaka ikaenda, watu wakachoka kutamka majina marefu. Kapteni Jenerali akaangusha ukapteni, akabaki Jenerali. Sajini Meja Jenerali akaangusha usajini, akabaki Meja Jenerali. Luteni Jenerali hakuangusha kitu.

Kwa hiyo yule "meja" wa Meja Jenerali si meja huyu tunayemjua. Ni sajini meja aliyepoteza nusu ya jina njiani.

Luteni je? Kifaransa cha zamani, maana yake "anayeshika nafasi". Kwa lugha ya ofisini ni kaimu. Kwa lugha ya stendi ni deiwaka: bosi akishuka kwenye usukani, yeye anapanda. Sajini anatoka kwenye neno la Kilatini la mtu anayetumikia. Sasa kati ya kaimu wa bosi na mtumishi wa bosi, nani yuko juu?

Nawasilisha. Kuna sehemu ya pili kuhusu Mashali, naipanga.

---

Binti wa Kota

Mkuu, nimezaliwa kota za jeshi, nimekulia kota za jeshi, na hili nalisikia leo. Baba kila nikimuuliza alikuwa anasema "ndivyo ilivyo". Jeshini "ndivyo ilivyo" ni jibu kamili.

---

Ngosha Mtata

Nimeweka kambi hapa. Ila mleta uzi nataka Fildi Mashali. Nduli Idi Amin alikuwa anajiita Fildi Mashali. Kile ni cheo kweli au alijitungia kama yale mengine?

---

Mzee wa Supu

Ngosha, cheo ni cha kweli. Aliyekivaa ndiye wa kujadiliwa, tutamfikia.

Sasa zizi. Mashali ni neno la Kijerumani cha kale lililoungana maneno mawili: farasi na mtumishi. Yaani mtu wa kulisha farasi, kuwasugua, kuangalia kwato. Lakini mfalme wa enzi hizo bila farasi hana vita, na anayejua farasi wangapi wazima na wangapi wanachechemea ndiye anayejua kama kesho tunatoka au hatutoki. Polepole mtu wa zizi akawa mtu wa kupanga safari, kisha wa kupanga kambi, kisha wa kupanga vita yenyewe.

Na hakuwa peke yake zizini. Kulikuwa na mkubwa wake, ambaye Kilatini kilimwita "mwenzi wa mfalme wa zizini". Ufaransa mtu huyu akapanda hadi akawa kiongozi wa jeshi lote, juu ya mashali wote, hadi Kadinali Richelieu alipokifuta cheo chake mwaka 1627. Mnajua jina la cheo hicho? Konstebo. Ndiyo, konstebo huyu huyu wa polisi, cheo cha chini kabisa, kijana anayesimama juani barabarani na kitabu cha faini. Walianza zizi moja, mmoja akaishia na kifimbo cha dhahabu, mwingine na filimbi.

Waingereza wao walikichukua cheo cha Fildi Mashali mwaka 1736. Mfalme wao George wa Pili alikuwa na asili ya Ujerumani, akaleta mambo ya kwao. Wa kwanza kupewa walikuwa Lodi Orkney na Mtawala wa Argyll, siku chache wakipishana. Ufaransa wakaenda mbali zaidi: kwao Mashali si cheo cha jeshi hata kidogo, ni heshima ya dola. Napoleon alipojitangaza Kaizari mwaka 1804 aliwatangaza mashali 18 kwa mpigo. Baadaye wakafika 26. Mmoja, Bernadotte, akaishia kuwa mfalme wa Sweden. Mwingine, Ney, akapigwa risasi na Wafaransa wenzake Desemba 1815.

Ila ninayempenda mimi ni William Robertson. Kijana wa kijijini Uingereza, alianza kazi kama mtumishi wa nyumba kwa matajiri, kubeba sahani na kufungua milango. Mwaka 1877 akajiandikisha jeshini kama kuruta. Mama yake alilia, akamwandikia kwamba bora amzike kuliko kumwona na koti jekundu, maana siku hizo askari wa kawaida alihesabiwa pamoja na walevi na wahuni. Mwaka 1920 Robertson akavishwa Ufildi Mashali. Katika historia yote ya jeshi la Uingereza hakuna mwingine aliyepanda kutoka kuruta kabisa hadi pale. Neno lilianza kwa mtumishi, na mara moja hiyo mtumishi akalifikia.

---

Ustadh wa Kariakoo

Wakuu, naongeza kidogo upande wa maneno, maana mleta uzi amejifungia Ulaya.

Waarabu Fildi Mashali wanamwita *mushir*. Asili yake ni ile ile ya *shauri*, *ushauri*, *mshauri*. Yaani Misri akisimama Mushir, kwa Kiswahili anasimama mshauri, tena mwenye mizinga.

Na *amiri* tunayosema kwenye Amiri Jeshi Mkuu inatoka kwenye *amri*. Wazungu walilichukua neno hilo hilo kwa Waarabu, wakaliburuza baharini, likawa Admirali. Kwa hiyo Amiri na Admirali ni ndugu wa baba mmoja.

Halafu kuna *jemadari*. Katika jeshi la Waingereza kule India, jemadari alikuwa afisa wa ngazi ya chini kabisa miongoni mwa maafisa Wahindi, na luteni mchanga wa Kizungu aliyeshuka melini jana alikuwa juu yake. Pwani yetu neno lilikuja na askari wa Kibaluchi wa Sultani wa Unguja. Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857 kwenda maziwa makuu, walinzi wao Wabaluchi waliongozwa na jemadari. Waswahili wakamwona huyo ndiye mwenye amri, wakampandisha. Leo ukisema jemadari unamaanisha kamanda mkubwa wa vita. Kiswahili kilimpa cheo ambacho Waingereza walimnyima.

---

Mzee wa Supu

Ustadh, umeshusha nondo. Nitaiba hiyo ya mshauri mwenye mizinga.

Tuendelee. Ukubwa wa cheo unaweza kukuua. Mfano mmoja kwa karibu.

Stalingrad, Januari 1943. Jenerali Paulus wa Ujerumani amezingirwa na Warusi, askari wake wanakufa kwa baridi na njaa, makao yake yako chini ya duka kubwa lililobomoka. Tarehe 30 Hitler anampandisha kuwa Fildi Mashali. Ukisikia haraka haraka utasema ni pongezi. Lakini hakuna Fildi Mashali wa Kijerumani aliyewahi kukamatwa akiwa hai, na Hitler alilijua hilo. Cheo kile kilikuwa ujumbe: jimalize mwenyewe. Paulus aliuelewa ujumbe, na kesho yake, tarehe 31, akajisalimisha. Cheo alikikalia siku moja, akaishi hadi 1957.

Upande wa pili nao hawakuwa salama. Wabolsheviki walifuta vyeo vyote mwaka 1917, eti ni mambo ya mabwana. Mwaka 1935 wakarudisha, na Novemba ile wakawatangaza Mashali watano wa kwanza wa Muungano wa Kisovieti. Miaka minne haikupita, watatu hawakuwepo: Tukhachevsky alipigwa risasi 1937, Blyukher akafia mikononi mwa wapelelezi 1938, Yegorov akauawa 1939. Walibaki Voroshilov na Budyonny, ambao si kwamba walikuwa hodari zaidi.

China nao walijaribu: mashali kumi mwaka 1955, vyeo vyote vikafutwa 1965, vikarudi 1988 bila umashali.

Marekani hawana Mashali. Desemba 1944 walitunga cheo cha nyota tano kwa sababu majenerali wao walikuwa wanakaa meza moja na mafildi mashali wa Kiingereza, na itifaki ilikuwa inawaweka chini wakati wao ndio wenye askari wengi na pesa. Inasemekana walikwepa neno Mashali kwa sababu mkuu wao wa jeshi aliitwa George Marshall, angekuwa Mashali Marshall. Wa mwisho kupewa nyota tano alikuwa Omar Bradley mwaka 1950. George Washington mwenyewe alikufa akiwa Luteni Jenerali. Mwaka 1976, karibu miaka 180 baada ya kuzikwa, Bunge lao likapitisha apandishwe ili asipitwe na mtu yeyote. Maiti aliyepandishwa cheo, na bado nasikia watu wanalalamika madaraja yao kucheleweshwa!

---

Ngosha Mtata

Mkuu, Nduli. Tunakungoja.

---

Mzee wa Supu

Haya.

Amin aliingia King's African Rifles (KAR), jeshi la wakoloni, miaka ya 1940. Mwafrika kwenye jeshi lile hakuwa na njia ya kuwa afisa. Miaka ya 1950 Waingereza waliona uhuru unakuja, wakaleta cheo cha Effendi: juu ya sajini meja, chini ya afisa wa Kizungu. Kama darini, si ndani si nje. Amin alikuwa miongoni mwa walioupata. Mwaka 1961 akawa Luteni, mmoja wa Waganda wawili wa kwanza kupewa kamisheni. Alipompindua Obote Januari 1971 alikuwa Meja Jenerali. Mwaka 1975, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukienda kukutana Kampala, akajivisha Ufildi Mashali.

Hesabu: luteni hadi Fildi Mashali, miaka 14.

Hakuwa peke yake. Bokassa wa Afrika ya Kati, kapteni wa jeshi la Ufaransa, alikuwa Mashali mwaka 1974, na Desemba 1977 akaona haitoshi, akajivika taji la ukaizari. Mobutu wa Zaire alitoka jeshi la Wabelgiji akiwa sajini karani, 1960 akawa kanali, miaka ya 1980 akawa Mashali. Haile Selassie ni tofauti kidogo: Waingereza walimpa Ufildi Mashali wa heshima mwaka 1965. Na karibuni zaidi Idriss Déby wa Chad alipewa Umashali Agosti 2020. Aprili 2021 alikufa kwa majeraha ya vita, na huyo angalau alikufia kwenye kazi iliyoandikwa kwenye cheo.

Sasa upande wetu. Aliyemfukuza Fildi Mashali alikuwa nani? Si fildi mashali. Divisheni ya 20 ya jeshi letu iliongozwa na David Musuguri, yule waliyemwita Jenerali Mutukula. Naye alianza KAR, kuruta wa mwaka 1942, nguo moja na Amin. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Musuguri akawa Mkuu wa Majeshi 1980 hadi 1988, akafariki 2024 akiwa na miaka 104. Juu ya Jenerali hakupanda, kwa sababu kwetu juu ya Jenerali hakuna kitu. Kuna Amiri Jeshi Mkuu, ambaye kwa Katiba ni Rais, na Rais wa kwanza alikuwa mwalimu wa shule mwenye kifimbo mkononi. Mashali wa Ulaya hupewa kifimbo siku ya kuvishwa cheo. Mwalimu alitembea na cha kwake bila kuvishwa na mtu.

---

Mwana wa Darajani

Assalaam aleikum. Naona bara mmeshasahau kama sie tulikuwa na Fildi Mashali kabla ya Amin. John Okello, Mapinduzi ya Zanzibar, Januari 1964. Mtu wa Uganda, fundi wa kujenga aliyekuwa akiishi Pemba, hakusomea jeshi popote. Kaingia redioni na kujitangaza Fildi Mashali, na kila ukifungua redio ni vitisho. Bibi yangu mpaka leo ukimwambia "fildi" anakwambia punguza sauti. Haikufika miezi mitatu, Machi ile ile kazuiliwa kurudi Unguja. Kaondoka na cheo chake.

---

Mjukuu wa Nyeri

Wadau, hapa Kenya cheo hicho kina uzito mwingine kabisa. Dedan Kimathi alikuwa Fildi Mashali wa Mau Mau msituni, bila mfalme wa kumvisha. Wakoloni walimkamata Oktoba 1956, wakamnyonga Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Waruhiu Itote, Jenerali China, alikuwa koplo wa KAR aliyepigana Burma, na aliyoyaona huko ndiyo aliyorudi kufundisha msituni. Mzungu alimwachia koplo, watu wake wakampa ujenerali.

Na kuna mwanamke mmoja tu wa Mau Mau aliyefika Fildi Mashali: Muthoni wa Kirima. Nywele alizofuga tangu msituni hakuzikata hadi Aprili 2022, akiwa amepita miaka 90. Aliyezikata ni Mama Ngina Kenyatta. Zilikuwa zinamfika chini kabisa. Alituacha Septemba 2023. Kwa hivyo msimweke Amin na huyu cucu (bibi) kwenye sentensi moja, tafadhali.

---

Mzee wa Supu

Mjukuu, umenikumbusha adabu. Nakubali, hawa ni sentensi mbili tofauti.

---

Binti wa Kota

Swali la mwisho mkuu, halafu nalala. Hili "afande" letu nalo ni cheo? Baba alikuwa anaitwa afande na koplo, na yeye anamwita kanali afande.

---

Mzee wa Supu

Ni lile lile Effendi la Amin. Kituruki, "bwana". Wajerumani walipokuja kuteka pwani mwaka 1889 walianza na askari wa Kisudani waliochukuliwa Misri, na wale walikuja na vyeo vyao vya Kituruki: effendi, shaushi, ombasha. Ombasha maana yake mkuu wa watu kumi. Vyeo vimekufa, effendi kabaki, akageuka afande, akagawiwa kila mtu mwenye gwanda. Kama "mkuu" humu jukwaani. Naona tuko wakuu elfu kadhaa na hakuna hata mmoja mwenye kikosi.

Sasa ya kijiweni. Nimerudi leo asubuhi nikawaeleza yote, Fairfax, Cromwell, Skippon, hadi zizi. Dereva bodaboda alisikiliza kimya, akatoa pesa, akalipa supu za benchi zima bila kubisha. Kisha akauliza: "Kwa hiyo luteni ni deiwaka?"

Nikamwambia ndiyo.

Ile pikipiki si yake. Mwenyewe anaiendesha asubuhi, yeye anaipokea saa nne. Akavaa helmeti, akawasha, na kabla hajaondoka akamwambia fundi simu kuanzia leo amwite Luteni. Mchana huu nimempigia anipeleke mjini, nikakuta tayari kijiwe chote kinamwita hivyo.